Chuma Kimelala

Ukiwa unasukuma usiku kati ya Igunga na Shelui ukakuta tawi la mti limelazwa kwenye lami, usidhani ni upepo umeliangusha. Ile ni mbuga ya Wembere, peupe, tawi halijifikishi lenyewe katikati ya barabara. Kuna mtu kaliburuta mpaka pale. Anakwambia punguza moto mwanangu, mbele kuna chuma kimelala. Ukisogea unakuta tawi la pili, halafu la tatu na la nne yamekaribiana, ndipo taa zako zinaangukia tela lililoinama upande, na masela wawili wamejikunja chini ya springi, mmoja kaing'ata simu mdomoni, ndiyo tochi yao.

Usiku mmoja matawi hayo niliyakata mimi. Nilikuwa utingo, form four nimemaliza mwaka uliotangulia, geto langu Nyegezi, safari ya tatu tu tangu nianze. Tulikuwa na mchele wa Dar. Senta bolti ya springi za nyuma ikakatika, ekseli ikahama, chuma kikawa kinakwenda upande kama kaa. Suka wangu akakitoa nje ya lami, akazima, akawasha taa za hatari. Mimi mbio kwenye jeki. Akanidaka shati.

"Dogo, jeki baadaye. Panga liko nyuma ya siti. Kata matawi kwanza."

Pembetatu za kuakisi tulikuwa nazo, tukaziweka pia, ila basi likipita kwa kasi upepo wake unazilaza chali. Matawi hayalali. Nikakata, nikaburuta, suka anasimama gizani ananielekeza. "La mwisho liweke mbali kabisa, hatua mia mbili. Mtu anayekuja na usingizi anahitaji muda wa kuyaamini macho yake." Hilo neno sijawahi kulisahau. Suka alikuwa na mzigo wa watu, tajiri anapiga simu kila nusu saa, chuma kimevunjika kiuno, na bado mtu wa kwanza kumfikiria alikuwa mtu asiyemjua, ambaye hata hajafika.

Wa kwanza kusimama alikuwa suka wa Fuso lililojaa vitunguu, anatoka Singida anakuja upande wa kwetu. Hakuuliza maswali mengi. Alishuka na kandambili, akamulika chini, akasema, "Senta bolti." Akarudi kwenye boksi lake la spana akaibuka na mbili, moja fupi, moja yenyewe. Akapiga magoti kwenye kokoto tukafanya kazi mpaka alfajiri, yubolti zilikuwa zimekaza sio poa, tukaziloweka dizeli, tukazigonga, tukapokezana wili spana kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Tulipomaliza suka wangu akatoa wekundu wa msimbazi wawili. Jamaa akaangalia zile noti akaangalia pembeni. "Wewe wa wapi?" Nyegezi. "Basi nikija Nyegezi nitakula sato kwako." Akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akawasha, akasepa. Jina lake hatukulijua. Tulijua namba ya gari.

Nimeishi na masela wa malori muda wa kutosha sasa kulisema hili bila kusita: undugu wao unaanzia pale gari linaposimama. Watu wanadhani unatokana na kusafiri. Hapana. Ukiwa unatembea uko peke yako na injini. Mnajuana kwenye pancha, kwenye foleni, kwenye mizani, kwenye mpaka ambao karatasi zimekwama. Kusubiri ndiko kunakowafanya ndugu.

Nyegezi yenyewe iko njia panda ya kusubiri. Kama hujafika: ni kusini mwa jiji la Mwanza, wilaya ya Nyamagana, barabara kuu inatoka mjini inapita Mkuyuni na Butimba, inakuja kwetu, inaendelea Mkolani, Buhongwa, hadi Usagara. Pale Usagara inagawanyika. Kushoto unashika ya Shinyanga, na huko ni Dar, zaidi ya kilomita 1,100. Kulia ni Kigongo, Sengerema, Geita, na ukiamua kukaza buti ni Mutukula unaingia Uganda, au Rusumo unaingia Rwanda. Stendi kubwa ya mabasi iko kwetu. Chuo cha SAUT kiko Malimbe, kwa hiyo Nyegezi Kona jioni unakuta wanachuo na mabegi yao, bodaboda, wauza mihogo, wauza chipsi, na katikati yao suka ana taulo begani na mswaki mfukoni anatafuta pa kuoga.

Malori yenyewe yanabeba unachokula. Dagaa wa soko la Mwaloni kule Kirumba wanapakiwa wanakwenda hadi Kongo. Minofu ya sangara inatoka viwandani kwenye magari ya barafu, hiyo haisubiri mtu, suka wa minofu huwa hakai kijiweni, ananunua chapati dirishani. Mchele unaingia kutoka Shinyanga na Kahama. Vitunguu vinapanda kutoka Singida. Kila mzigo na tabia yake, na masela wanajuana kwa mizigo. Wa dagaa utamjua kabla hujamuona.

Lugha ya pale ni ya kwao wenyewe. Dereva ni suka. Msaidizi ni utingo. Mwenye gari, hata awe na Fuso moja la mkopo, ni tajiri. Gari ni chuma, likiharibika limelala, halijafa. Kufa ni neno zito hawalitumii hovyo. Anayeshika usukani kwa siku mbili tatu kumshikia mwenzake ni deiwaka. Kichwa ni kile cha mbele kinachovuta tela, lakini vichwa ni abiria wa kuokota njiani, na ukisikia utingo anasema "tumeangusha vichwa viwili Tinde" usiite polisi, maana yake wameshusha watu wawili. Ila pamoja na maneno yote hayo, dogo akimkuta suka mkubwa bado anaanza na shikamoo. Marahaba ikishaitikiwa ndipo oya zinafuata. Ukianza na oya kwa mtu wa umri wa dingi yako, hutafundishwa kitu, utabaki kuosha vioo.

Wakenya nao wanafika, wanaingilia Sirari, wanakuja na Sheng yao. "Niaje wasee!" Kijiwe kizima kinaitikia "Poa mwanangu, leta stori." Utingo kwao ni tanboi. Polisi kwetu ni njagu, kwao ni karao. Msela wetu akisema mkwanja, wao wanasema doo, na wote wakikutana kwenye chapaa wanaelewana. Ila barabarani maneno hayo hayahitajiki. Ukimulikiwa taa mara mbili za harakaharaka na gari linalokuja, mbele kuna tochi ya polisi, hiyo anaielewa Mkenya, Mganda, Mnyarwanda na Mkongo. Lori la mbele likikupa indiketa ya kushoto, maana yake njia nyeupe, pita. Likikupa ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja.

Hebu likae hilo kichwani. Uko nyuma ya semi, huoni mbele, una mke na watoto nyumbani, na unatoka kulipita kwa sababu mtu usiyemjua sura kakuwashia taa ndogo ya njano. Anajua akikosea umekufa. Na wewe unajua anajua. Mimi sijui urafiki gani wa mjini una imani ya namna hiyo.

Sasa Kigongo. Hapa lazima nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipokuzwa.

Kabla ya daraja, ukitoka Usagara kwenda Geita ulikuwa unakutana na maji. Ghuba ya ziwa inakata barabara, ng'ambo ni Busisi. Kulikuwa na vivuko, MV Mwanza, MV Misungwi, MV Sengerema, vinakwenda vinarudi, na foleni ya malori ilikuwa inajipanga pembeni kama siafu. Gari la wagonjwa linapita kwanza, na hakuna aliyemaindi. Mabasi yanapita. Magari madogo yanajipenyeza. Lori linasubiri. Masaa mawili, matatu, kukiwa na kasheshe unalala hapo hapo. Upepo ukichafuka nahodha anasimamisha, na sisi wa Mwanza hatukuwahi kumlalamikia nahodha aliyekataa kuvuka. MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, karibu na jiji letu, na kila ukoo una mtu au unamjua mwenye mtu.

Kwa hiyo tunasubiri. Utingo anafungua boksi la pembeni la tela, anatoa mtungi mdogo wa gesi, sufuria nyeusi tii, unga. Mwingine analeta dagaa. Wa tatu hana kitu, analeta maji na mikono yake. Ugali unasongwa kwa mwiko uliochongwa na mtu barabarani. Hakuna anayeulizwa kachangia nini. Mnakula kwenye sinia moja juu ya turubai, watu kutoka Bukoba, Tabora, Mbeya, Moshi, mna saa tatu za kufahamiana. Mwingine anapiga drafti kwa visoda, vya bia upande huu, vya soda upande ule. Mwingine anasema gari langu linavuta upepo vibaya, na mara hiyo hiyo vichwa vinne viko chini ya ekseli vinasikiliza hosipaipu inavuja wapi. Nilijifunza breki za upepo Kigongo, kwa kusikia tu. Suka mzee mmoja alinishika mkono akaupeleka kwenye kiungo cha hosi, akaniambia funga macho. "Unasikia baridi? Hapo ndipo anapumulia."

Kuna usiku kijana mmoja alikuwa haongei. Anakula haongei. Baadaye ikajulikana mtoto wake kalazwa hospitali ya Bugando, na yeye anaelekea Mutukula na mzigo wa mtu. Masela wakajadiliana kwa dakika tano, hawakupiga hata kura. Mmoja aliyekuwa anarudi Mwanza mtupu akampa utingo wake funguo za gari lake alilete taratibu Nyegezi, naye akapanda lile la kijana, deiwaka, akaondoka na mzigo. Tajiri alipigiwa simu akaambiwa, hakuombwa. Kijana akarudi mjini usiku ule ule kwenye kabini ya watu wa dagaa. Unaweza kusema ni kuvunja utaratibu, leseni na bima na mengine yote. Ni kweli. Mimi nilikuwepo, nilimuona anavyolia, na ningefanya hivyo hivyo.

Juni 19, 2025 Rais Samia akalifungua daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, Kigongo hadi Busisi. Ujenzi ulianza 2020. Siku ya kwanza kupita nilikuwa pembeni ya suka, hatukuongea. Dakika chache, tumeshavuka. Alipunguza mwendo katikati, akatazama chini kushoto, kule ambako tulikuwa tunapiga foleni, kisha akaingiza gia. Nalipenda lile daraja, na sitaki mtu aniwekee maneno mdomoni. Mama mjamzito wa Sengerema hasubiri tena kivuko usiku wa manane. Samaki hawaozi kwenye foleni. Suka anafika nyumbani wanawe hawajalala. Lakini sinia limekwisha. Dogo anayeanza utingo leo anavuka Kigongo amevaa vifaa vya masikioni, hajui kama pale palikuwa na shule.

Na barabara itazidi kuwa nyepesi. Reli ya kisasa kutoka hapa hadi Isaka, kilomita 341, jiwe la msingi liliwekwa Juni 14, 2021, na ikishaanza kupiga mzigo, safari nyingi ndefu zitahamia kwenye mabehewa. Malori yatabaki na kazi ya kutoa mzigo stesheni kupeleka madukani na vijijini. Sehemu ya kusubiri iliyobaki imara ni mizani. Tangu Machi 1, 2019 Tanzania inatumia sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito, mwisho tani 56 kwa chuma na mzigo wake, na ekseli ikizidi unasimama. Mizani Usagara, Tinde, Njuki, Nala, Mikese, Vigwaza. Pale masela wanaonana bado, ila mtu aliye kwenye mizani ana presha, hana muda wa ugali.

Sasa undugu huo umehamia wapi? Kwa sisi wa Nyegezi, umehamia sehemu mbili: kwenye simu, na kwa mama mmoja.

Mama huyu ni mama ntilie, kibanda chake hakiko mbali na Kona. Siandiki jina lake, yeye hapendi mambo ya kutajwa. Masela walipoamua kuanzisha mfuko wa kufa na kuzikana, swali la kwanza lilikuwa nani ashike hela. Kila suka aliyependekezwa yuko safarini. Leo yuko Nyegezi, keshokutwa yuko Kasumulu, mtu kafiwa hela ziko Malawi. Ndipo mtu akasema, jamani, hapa ni nani asiyesafiri? Wote wakageuka wakamtazama mama, anageuza sato kwenye kikaango.

Ana kaunta buku, jalada limelainika kwa mafuta. Nimeruhusiwa kulishika. Hakuna majina ya kwenye leseni humo. Kuna "wa Fuso ya kijani", kuna "Katoro mrefu", kuna "baba mapacha", kuna "yule wa vitunguu". Buku tano kwa mwezi. Aliyelipa anapigwa tiki, asiyelipa kwa sababu chuma kimelala anaandikiwa herufi L, na L haina faini. Hilo walikubaliana tangu mwanzo, kwamba mtu aliyekwama asibanwe. Aliyeuchuna tu, huyo anaandikiwa neno moja, "anajua", na mama akimpa chai anampa na tazamo.

Msiba ukitokea, mama anapiga simu moja, ya pili inapigwa na aliyepigiwa. Hela zinatumwa kwenye namba yake, na adabu ya kijiweni ni kutuma na ya kutolea. Ukituma mchango wa msiba bila ya kutolea, hakuna atakayekusema, ila utajisikia mwenyewe. Mwaka jana mama mzazi wa mwenzetu alifariki Misungwi, mwana akiwa Tunduma kwenye foleni ya mpaka. Alifika siku ya tatu alfajiri, kapanda magari manne. Alikuta kaburi limeshachimbwa, udongo umerundikwa vizuri pembeni, turubai la lori limefungwa kwenye miembe ndiyo kivuli cha waombolezaji, na barabarani malori saba yamepaki mstari mmoja, injini kimya. Walikuwepo watu waliomjua mama yake kwa stori zake tu. Alishindwa kusalimia. Alikwenda akashika bampa la gari la kwanza akasimama hapo.

Mambo haya hayakuanza na injini. Watu wa huku, Wasukuma na Wanyamwezi, ndio waliobeba misafara ya karne ya 19 kwenda pwani, miezi kwa miguu hadi Bagamoyo, pembe begani. Walijigawa kwenye vikundi vidogo vya kupika na kulala pamoja, wakiviita kambi, na mbele anatembea kirangozi anayeijua njia na maji yalipo. Hata utani wa Wanyamwezi na Wazaramo unahusishwa na njia zile. Mtani siyo wa kutaniana tu, ni mtu wa kukusimamia ukifia ugenini, azike, agawe vyombo vyako kwa haki. Nikisoma habari zile naona sinia la Kigongo kabisa. Kirangozi leo ni yule suka anayetangulia kwenye msururu, anapiga simu nyuma: Sekenke kuna mafuta yamemwagika kwenye kona, shuka na gia ndogo.

Simu basi. Makundi ya WhatsApp yapo mengi, kila njia na lake, kila tajiri mkubwa na la wafanyakazi wake. Kuna utumbo mwingi humo, video za ajali zinazosambazwa kabla ndugu hawajajua, hilo linaniuma na nimeshatoka kwenye makundi mawili kwa sababu hiyo. Mtu kalala chini, mwenzake anarekodi. Huyo hana undugu wowote hata awe na leseni ya miaka 20. Kundi letu lina sheria tatu tu: usitume maiti, usitume siasa, na ukiomba msaada taja kilomita au mti au duka, usiseme "niko porini". Asubuhi watu wanasalimiana "mwangaluka", hata Wachaga wameshaizoea. Jumapili ni ubishi wa Simba na Yanga, na tangu Pamba Jiji ipande Ligi Kuu 2024 sisi wa Mwanza tunajibu wote kwa pamoja.

Na lipo jambo ambalo kijiwe kinakosea, lazima niliseme kwa sababu nawapenda hawa watu. Ligi ya kushindana kasi. Suka akitimba Nyegezi akatangaza katoka Dar jana asubuhi, madogo wanamshangilia, mwake, mnyama, chuma! Piga hesabu basi. Lori halitakiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Kilomita 1,100 kwa mwendo huo, bila kusimama hata kukojoa, ni masaa karibu 14, na humo kuna mizani, kuna miji ya 50, kuna mlima. Aliyefika haraka vile kuna kitu kakiiba, ama kaiba kasi ama kaiba usingizi wake. Kwenye kijiwe chetu wakubwa wameanza kuikata hiyo sifa. Mtu akijisifu, mama anamuuliza mbele ya watu, "Ulilala wapi?" Akikosa jibu, hapewi supu, anaonyeshwa benchi la nyuma ya kibanda na shuka. Nimeona majitu yenye vifua yanakwenda kulala kama watoto.

Kuhusu mikataba ya kazi sina mengi, madereva wenyewe wameshasema kwa sauti. Aprili 10, 2015, na tena Mei mwaka ule ule, madereva waligoma nchi nzima, kwenye madai yao mojawapo likiwa ajira zenye karatasi. Mimi nilikuwa dogo wa shule, nakumbuka ukimya wa stendi. Leo bado nawajua masela wanaoendesha chuma cha mamilioni ya watu kwa maneno ya mdomo, posho ya safari ikiisha njiani anakula kwa mkopo wa mama. Tajiri wangu wa kwanza alinikata hela ya tairi lililopasuka kwa jua. Wenzangu walinichangia nikalipa kodi ya geto. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mfuko wa kufa na kuzikana ni mambo ya kizamani, namuuliza, cha kisasa kiko wapi tukishike?

Yule wa vitunguu alikuja. Ndiyo, yule wa Wembere. Ilipita miaka miwili na zaidi, nipo kibandani naona Fuso linakunja Kona, nikaisoma namba kabla sijamuona mtu. Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Akashuka na kandambili zile zile, au zinazofanana nazo. Nikampa shikamoo, nikamwambia mimi ndiye yule dogo wa matawi. Akanitazama. Hakunikumbuka mimi. Akakumbuka matawi. "Yale yalikuwa yamekaa vizuri," akasema, "yalinipa muda." Akala sato mzima, na mama alipoleta hesabu nikaushika mkono wake ukaishia hewani. Siku hiyo hiyo akaandikwa kwenye kaunta buku.

Juzi Jumatano tulikuwa hapo hapo, saa tatu usiku, mvua imetoka kukatika, miamba ya Nyegezi inang'aa kwa taa za magari. Simu zikalia meza nzima kwa mpigo. Ujumbe kwenye kundi: "Wanangu chuma kimelala. Mlima Sekenke, kona ya juu, upande wa Misigiri. Rejeta imepasuka. Niko na dogo mgeni." Wa kwanza akajibu yuko Igunga anapandisha, anakuja. Wa pili, yuko Singida, ana rejeta ya kuazima kwa fundi, anaifuata. Mama akauliza kwa sauti ni nani huyo, akaambiwa, akafungua buku akaweka L mapema. Halafu ikaingia sauti, ya sekunde nne, ya suka wangu wa zamani, ambaye siku hizi magoti hayamruhusu na anakaa nyumbani Buhongwa, macho yake yote kwenye lile kundi. Tukaisikiliza kwenye simu moja, vichwa vimekutana juu ya sahani.

"Dogo keshaweka matawi?"